Anza na shamba, si na jina: kuwatafuta waliofyeka mashamba ya Wete

Mtu akitaka kujua ni nani aliyefungua shamba la ukoo wake Pemba, mara nyingi huja na jina. Huwa ameandika katika karatasi "Hamad bin Faki bin Hamad, wa Mtambwe", akitaraji kitabu kifunguliwe na jina litokee. Ama halitokei kabisa, ama hutokea mara nyingi mpaka halina faida. Wilaya ya Wete, kama Pemba nzima, mjukuu hupewa jina la babu yake, na yeye akipata mjukuu naye humrithisha. Hamad bin Faki mmoja katika makaratasi anaweza kuwa watu watatu waliopishana miaka 60. Wengi hawakuwa na jina la ukoo lililoandikwa kila mahali. Waliandikwa kwa jina lao, la baba, na akipenda karani, la babu.

Kwa hiyo ushauri wa sisi tunaotunza nyaraka ni kuigeuza kazi: anza na shamba. Shamba halihami. Lina majirani wanne, lina miti yenye umri wake, pengine lina kisima na makaburi. Ukishalijua vizuri, majina yatakuja, na kila jina litapata pahala pa kukaa.

Kwanza tuelewane juu ya "kufungua shamba". Wengi wetu tukisikia shamba Pemba tunaona mkarafuu, lakini kilimo cha kisiwa hiki ni cha zamani kuliko karafuu kwa karne nyingi. Waarabu walikiita Jaziratul Khadhra, kisiwa cha kijani, na mchele wa Pemba ulilisha Mombasa tangu enzi za Wareno na kabla yao. Wa mwanzo kulima hapa walilima mpunga mabondeni, na minazi na vyakula vingine juu ya vilima. Anayetaka kuona walikuta nini na aende Ngezi, upande wa Konde, kwenye kipande cha msitu wa asili kilichobaki. Atazame mivule ile, kisha afikirie kuiangusha kwa shoka, kuchoma, na kung'oa visiki kwa mkono.

Karafuu zilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mapokeo yanamtaja Saleh bin Haramil al-Abri, aliyezileta kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa na kuzipanda Mtoni na Kizimbani. Pemba ilizipata pia, lakini Unguja ndiyo iliyotangulia mpaka tarehe 15 Aprili 1872, tufani ilipopiga na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika. Bei ikapanda, na vilima vya magharibi ya Pemba vikafyekwa kwa kasi ambayo havijawahi kuiona. Mashamba mengi ya karafuu ambayo familia za Wete huyataja kuwa "ya tangu na tangu" yana asili yake katika miaka ile ya baada ya tufani. Hii ndiyo alama ya kwanza ya kukupa kipimo: ukiambiwa babu wa babu alipanda mikarafuu, uliza kama ni kabla au baada ya tufani.

Sasa nenda shambani, na nenda na mtu mzima anayelijua. Mkarafuu huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na ya zamani ilipandwa kwa mistari. Tembea ndani ya mstari. Mti mchanga ulio katikati ya mikongwe umepandwa kujaza pengo la uliokufa. Mti mkongwe ulio nje ya mstari wowote huenda uliota wenyewe au ulipandwa na mtu mwengine. Mwembe mkubwa uliosimama peke yake katikati ya mikarafuu mara nyingi unaonyesha palipokuwa na nyumba, kwa sababu mtu huzika kokwa karibu na mlango wake. Tafuta hapo vigae, mawe ya jiko, kisima kilichozibwa. Makaburi ya Waislamu hapa kwetu hulala mashariki na magharibi, kwa kuwa kibla yetu iko kaskazini. Safu ya mawe yenye mwelekeo huo chini ya vichaka isikupite bila ya kuulizwa.

Kitu kimoja huwachanganya hata wenyeji wa leo: Pemba ardhi na mti vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Mnazi ulitolewa zawadi, uliwekwa rehani, ulirithiwa, na ardhi ikabaki kwa mwengine. Kwa hiyo kila unapoambiwa "pale ni petu", uliza upole tu: ardhi, au miti?

Baada ya miguu ndipo karatasi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja, na humo mna hati za mauziano, za rehani, mafaili ya mirathi na ya kesi kutoka Pemba, nyingi kwa Kiarabu, nyengine kwa Kiingereza, na baadhi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kama husomi, tafuta anayesoma, usikisie. Hati za zamani huanza kwa muuzaji kukiri mbele ya mashahidi kwamba amemuuzia fulani shamba lake. Ukubwa wa shamba mara nyingi hutajwa kwa idadi ya mikarafuu na minazi kuliko kwa eka. Kisha, na hapa ndipo penye hazina, hutajwa mipaka minne: kibla, ambayo kwetu ni kaskazini, suheli, kusini, matlai, mashariki, na magharibi. Kila mpaka una jina la jirani, au njia, au mto.

Watu husoma jina la muuzaji na la mnunuzi, wakafunga faili. Mimi naamini wale majirani wanne ndio wenye thamani kubwa zaidi katika hati nzima. Tuchukue mfano wa kubuni. Unatafuta shamba ambalo ukoo wako unaliita la Khamis, na hakuna hati yoyote yenye Khamis huyo. Lakini shamba la upande wake wa kusini liliuzwa, na hati inasema mpaka wake wa kibla ni shamba la Mize binti Kombo. Hati nyengine ya miaka 20 baadaye, ya shamba la upande wa pili, inasema mpaka wa suheli ni warithi wa Mize binti Kombo. Hapo umeshapata mambo matatu bila ya kuliona shamba lako likiandikwa lenyewe: lilikuwa la mwanamke, alifariki baina ya hati hizo mbili, na aliacha warithi ambao walikuwa hawajagawana. Rudi kwa wazee uulize mama yake Khamis alikuwa nani. Mara nyingi jibu litakuwa Mize.

Hili la wanawake nalisisitiza kwa sababu hadithi za koo hulificha bila ya kukusudia. Katika sheria ya mirathi binti ana fungu lake, mke ana fungu lake, mama ana fungu lake, na makaratasi ya Pemba yamejaa wanawake waliorithi, walionunua, waliouza na walioweka rehani mashamba yao wenyewe. Lakini shamba huja kuitwa kwa jina la mtoto wa kiume aliyelisimamia, na baada ya vizazi viwili watu husema lilikuwa la baba yake. Mnyororo wa majina ukikatika ghafla, tazama ndoa kwanza kabla hujadhani kuwa shamba liliuzwa. Na mabonde ya mpunga, ambayo wanawake ndio walioyalima kwa wingi, karatasi zake ni chache mno. Huko uliza bibi, usimuulize babu: kipande kile alikilima nani kabla yake, na nani kabla ya huyo.

Utakutana pia na bei khiyari. Mwenye shamba alikopa fedha kwa mfanyabiashara kwa njia ya "kumuuzia" shamba, akabaki na haki ya kulikomboa ndani ya muda, na mara nyingi akaendelea kukaa humo kwa kodi. Ukiona hati ya namna hii usiseme upesi kuwa babu aliuza. Tafuta kama kuna karatasi ya kukomboa, au kesi. Hati za wakf nazo zipitie, kwani aliyewekea kizazi chake wakf aliwataja watoto na mara nyengine wajukuu. Habari zake ziulize Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Tarehe zitakuwa za Hijria. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, kwa hivyo usitoe au kujumlisha idadi moja kwa miaka yote.

Kwa wazee, mwaka si swali. Mzee wa Piki au wa Gando hakulelewa kuhesabu kwa tarehe, ila anajua nani alikuwa amezaliwa jambo fulani lilipotokea. Muulizie kwa zama za masultani wa Zanzibar. Seyyid Barghash alitawala 1870 mpaka 1888. Vita vya kasri ya Khalid, mtoto wa Barghash aliyejitangaza sultani na Waingereza wakampiga mizinga, vilipigwa tarehe 27 Agosti 1896. Seyyid Hamoud alikuwa 1896 mpaka 1902, Seyyid Ali bin Hamoud mpaka 1911, na Seyyid Khalifa bin Haroub mpaka 1960. Mtu anapokwambia "bibi alisimuliwa kuwa shamba lilifyekwa zama za Bargashi", amekupa miaka 18 ya kutafutia, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko karne nzima. Muache aseme kwa mpango wake, usimkate kwa orodha yako. Kama ana ndugu yake hai, wasikilize mbalimbali kisha kwa pamoja. Wakibishana hapo andika vyote viwili.

Lipo jambo ambalo haki inatutaka tulitaje wazi. Tukisema "shamba hili alilifungua fulani", mara nyingi tunamtaja aliyelimiliki. Baada ya tufani, sehemu kubwa ya kufyeka na kupanda ilifanywa na watumwa, wakiwemo walioletwa kwa magendo hata baada ya mkataba wa Juni 1873 kulifunga soko la watumwa Unguja. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Aprili 1897, na mwaka 1909 sheria nyengine ikamaliza yaliyobaki. Aliyetaka uhuru wake alikwenda kuomba mbele ya mahakama, na bwana aliyemmiliki akalipwa fidia. Makaratasi ya kazi hiyo yanatuunganishia mtu na shamba alilolifanyia kazi. Wamisionari wa Quaker nao walikuwa na kituo Banani, karibu na Chake Chake, kilichopokea walioachwa huru.

Wengi wa hao walibaki palepale, wakalima mhogo chini ya mikarafuu kwa ruhusa ya mwenye shamba. Walikatazwa kupanda miti ya kudumu, kwa sababu mti ni dai. Matokeo yake ni kuwa familia zilizofanya kazi ngumu kuliko zote katika ardhi hii ndizo zisizo na mti wa kuonyesha wala hati ya kusoma. Ukiziacha nje ya historia ya shamba, umeandika nusu. Lakini kuuliza kunataka adabu. Asili ya mtu haiulizwi mbele ya watu, wala haiandikwi akikataa. Mimi huuliza juu ya kazi tu: nani alikuwa akichuma, nani akipalilia, nyumba zao zilikuwa upande gani wa shamba. Anayetaka kusema zaidi atasema.

Mwisho kuna tabaka la 1964. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali, mashamba makubwa yakachukuliwa na kugaiwa eka tatu tatu kwa familia ambazo nyingi hazikuwa na ardhi. Mashamba mengi madogo ya Wapemba yaliendelea na wenyewe. Kwa hiyo shamba moja la zamani leo linaweza kuwa na familia nyingi, kila moja na eka zake na kumbukumbu zake za zaidi ya nusu karne. Nao wana historia pale. Walizaa, walizika, walipanda upya mikarafuu iliyokufa. Ukifika kuuliza habari za zamani, pitia kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia, jitambulishe, eleza kuwa unaandika nasaba na historia, kisha nenda kwa wakaao hapo ukawaambie maneno yaleyale. Mtu anayeonekana akipiga picha vigingi na kuhesabu miti bila ya salamu atadhaniwa amekuja kudai, na milango itafungwa kijiji kizima.

Na kweli, usidai kwa makaratasi haya. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1992, mtu hupewa haki ya matumizi ya ardhi, na hati ya Kiarabu ya zama za Seyyid Hamoud peke yake haimpi mtu haki hiyo leo. Ukikuta mgogoro, wa mpaka au wa mirathi isiyogaiwa, mambo ya ardhi yana Mahakama ya Ardhi na Kamisheni ya Ardhi, na mafungu ya warithi yana Kadhi. Ulichokusanya wewe kiandike kwa utaratibu wake: chora shamba na mipaka yake minne kwa majina ya majirani wa zamani na wa sasa, andika nani alikwambia nini na wapi, tenganisha ulichokiona, ulichokisoma na ulichokisikia. Nakala moja mwachie mzee aliyekusimulia, mbele ya wajukuu zake, na mtu amsomee ili arekebishe kabla haijakaa kabatini.