Asiyehisi Ndiye Anayeungua: Maswali ya Wanandoa Wanaouguza Aliyeumia Uti wa Mgongo

Mimi ni muuguzi hapa Mbeya. Barabara ya TANZAM, kuanzia Kitonga hadi Tunduma, hainiachi nikae bila kazi. Wengi walioumia uti wa mgongo kwenye ajali huruhusiwa kurudi nyumbani ngozi ikiwa nzima kabisa. Kinachonichosha ni kuwaona wakirudi baada ya miezi miwili wamebebwa kwenye blanketi, harufu ikiwatangulia mlangoni. Hawakupata ajali nyingine. Wamepata kidonda, na kidonda hicho kilianza nyumbani huku watu wanakiangalia.

Haya ni maswali ambayo wake na waume huniuliza wodini.

Miguu ya mume wangu haikuvunjika. Mbona haitembei?

Reli ya TAZARA ikikatika Makambako, treni ya Dar es Salaam haifiki Mbeya hata kama stesheni ya Mbeya haijaguswa. Uti wa mgongo unapita ndani ya pingili, ile mifupa ya mgongo, na kupeleka taarifa kati ya ubongo na mwili. Ukiumia, sehemu zote zilizo chini ya jeraha hukosa taarifa: nguvu, hisia, mkojo na choo. Ukiumia shingoni, mikono nayo huguswa. Wengine uti wao umeumia kiasi tu na hurudisha kitu fulani. Kama atatembea au la, muulize daktari aliyempima na kuona picha zake, wala usiulize jirani.

Miguu imeanza kurukaruka yenyewe usiku. Si ndiyo kupona huko?

Najua mmeshamshukuru Mungu na kupiga simu ukoo mzima. Samahani, si lazima iwe dalili ya kupona. Ni misuli inayojikaza bila amri ya ubongo, na ni kawaida kwa jeraha hili. Lakini ikizidi ghafla kuliko ilivyozoeleka, mkague: huenda mkojo umepata maambukizi, choo kimekwama, au kuna kidonda mahali hujapaona.

Ametoka kidonda juu ya makalio, lakini anasema hakimuumi. Kuna haja ya kuja hospitali?

Ndiyo. Leo.

Hakimuumi kwa sababu hahisi. Wewe na mimi tukikaa vibaya nusu saa, makalio yanalalamika na tunajisogeza bila hata kufikiri. Yeye halalamikiwi na kitu. Mfupa unaminya nyama kwa ndani, damu haipiti, nyama inakufa. Hakuna maumivu, ndiyo. Ila kidonda kinaendelea na kazi yake.

Lakini ni kidogo tu, kama sarafu ya shilingi mia mbili. Nikisubiri wiki moja nikione?

Hapana. Unachokiona juu ni mlango. Mara nyingi chumba kilichoko chini ya ngozi ni kikubwa zaidi. Nimefungua vidonda vya ukubwa wa sarafu ngumi ikaingia ndani. Kikifika kwenye mfupa, tunazungumzia miezi ya matibabu, upasuaji, na wengine maambukizi huingia kwenye damu wakafariki.

Tumemwagia unga wa kapsuli ya rangi mbili, tukapaka na GV, ile dawa ya zambarau. Kimekauka juu.

Mmekipaka rangi tu, mama. Nisikilize vizuri: hata dawa nzuri kiasi gani haiponyi kidonda ambacho bado kinalaliwa. Kwanza mwondoe juu yake, asikilalie wala kukikalia hata kidogo. Halafu mlete. Usimwagie unga wa kapsuli, majivu, wala maji ya betri (ndiyo, nimeyaona). Na kama hakimuumi? Mlete. Na kama hakitoi usaha? Mlete. Na kama shemeji amesema kitapona chenyewe? Mlete, na shemeji aje pia, nina maneno naye.

Nitakijuaje kabla hakijachimbika?

Mkague kila siku asubuhi na jioni, kwa tochi ya simu. Angalia mfupa wa chini ya kiuno, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko na nyuma ya kichwa. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Tafuta sehemu iliyokolea rangi kuliko ngozi ya pembeni yake, au yenye zambarau. Weka mgongo wa kiganja chako: je, ni ya moto kuliko kwingine? Imekuwa ngumu, au laini kama parachichi lililoiva kupita kiasi? Hicho tayari ni kidonda, bado hakijapasuka tu. Mtoe hapo, na usipachue wala kupasugua. Kusugua kunamalizia nyama iliyokuwa inajaribu kupona.

Akiwa kitandani, mgeuze kila saa mbili, usiku pia: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Weka mto kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Andika zamu kwenye karatasi na uibandike ukutani, maana usiku wa manane hakuna anayekumbuka. Akiwa kwenye kiti mwendo, ainame mbele au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, na abaki hivyo dakika moja au mbili. Usimkalishe kwenye tyubu ya tairi. Watu wanaipenda kwa sababu ina tundu katikati, lakini ukingo wake unakaba damu kuzunguka tundu lote. Na mnapomsogeza kitandani, mnyanyueni. Mkimburuta, shuka linachubua ngozi.

Chakula nacho kina kazi yake: maharage, mayai, maziwa, dagaa, samaki wa Ziwa Nyasa ukiwapata. Ngozi haijengwi kwa ugali na chai ya rangi.

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu ni kali na miguu yake ni ya barafu. Nimemwekea chupa ya maji ya moto.

Itoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Kila Juni na Julai napokea watu wa Uporoto, Makete na Njombe walioungua miguu kwa upendo wa wake zao. Chupa imefungwa kwenye kitenge, inaonekana salama, kwako wewe ni vuguvugu tu. Yeye imemgusa usiku kucha bila kuhisi, na asubuhi kisigino kina malengelenge. Vivyo hivyo jiko la mkaa karibu na kitanda, ambalo zaidi ya kuunguza linatoa hewa ya sumu chumba kikifungwa, na linaweza kuwaua nyote wawili mkiwa usingizini. Mvike soksi zisizobana na blanketi mbili. Maji ya kumwogesha yapime kwa kiwiko chako wewe, kwa sababu mguu wake hautakuambia kitu.

Nimempunguzia maji ya kunywa ili asilowane.

Umempunguzia uhai. Mkojo mzito unazaa maambukizi na mawe. Kama daktari hakuwapangia kiasi kingine, anywe karibu lita 2 kwa siku. Mfuko wa mpira wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, hata anapobebwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa.

Kuna jambo moja la dharura hapa. Aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua akipata ghafla kichwa cha kugonga, akitoka jasho usoni na kupata wekundu au joto kali la uso, usimpe panado na kusubiri. Mkalishe wima, miguu ining'inie, legeza mkanda na nguo. Kisha tazama mpira: umejikunja? Umeziba? Mfuko umejaa? Mara nyingi kibofu kilichojaa ndicho kinachopandisha presha kiasi hicho, na choo kilichokwama hufuata. Isiposhuka ndani ya dakika chache, hospitali, hata kama ni saa nane usiku. Presha hiyo inaweza kumletea kiharusi.

Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mkandaji wa mifupa.

Heshimu mama mkwe, ila mgongo wa mwanawe usikandwe. Pingili ambazo hazijaunga zikisukumwa zinaweza kuubana uti zaidi. Na dawa za moto kwenye ngozi isiyohisi tumeshaziongelea kwenye chupa. Kama mama anataka kusaidia, mpe zamu ya saa kumi ya alfajiri ya kumgeuza. Wengi wanabadilika wakipewa kazi.

Mwuguzi, na mambo ya ndani? Naona aibu kuuliza.

Uliza. Kila mtu anauliza akiwa mlangoni anaondoka. Tendo la ndoa linawezekana kwa wengi, kwa namna mpya na kwa subira. Mwanaume akishindwa kusimamisha, zipo dawa, lakini daktari ndiye azitoe, si duka la mtaani. Mkojo umwagwe kabla. Mwanamke aliyeumia hedhi inaweza kusimama kwa miezi kadhaa kisha irudi, na anaweza kushika mimba, kwa hiyo ongeeni uzazi wa mpango mapema. Akibeba mimba ajulishe kliniki tangu mwanzo, maana uchungu huenda asiuhisi.

Mimi mwenyewe nimechoka, mgongo unauma, na yeye ananifokea.

Anakufokea kwa sababu upo. Hasira na huzuni ya muda mrefu kwa mtu huyu ni jambo la kutibiwa, na kwako pia. Mwambie daktari. Usimnyanyue peke yako: piga magoti badala ya kuinama, tumia shuka lililokunjwa na mtu wa pili. Na nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, itunze pamoja na vyeti, utaihitaji mkidai bima ya gari.

Tunatoka Chunya kuja Mbeya na kidonda hicho. Nimbebeje?

Asikae kwenye siti, atakikalia kidonda njia nzima. Kwenye Noah, laza siti za nyuma, weka godoro, mlaze ubavu, mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Kagua kama mpira haujabanwa. Safari ikichelewa, msimame mumgeuze upande mwingine, ila asilalie kidonda. Funika kidonda kwa kitambaa safi kikavu, usipake kitu. Na msingoje gari la jumapili la ndugu yenu kwa sababu ni la bure.