Roger Scruton na neno "kwetu"

Roger Scruton, mwanafalsafa Mwingereza aliyefariki Januari 12, 2020 akiwa na miaka 75, alichukua neno la Kigiriki oikos, nyumba, akaunda neno oikofilia. Kiswahili hakina haja ya kuhangaika nalo. Ni kupenda kwetu, na ukishalishika hilo vitabu vyake vinafunguka.

Anza na How to Be a Conservative (Namna ya Kuwa Mhafidhina) cha 2014. Kile cha 1980, The Meaning of Conservatism, ni kigumu na kikali, kiache kwanza. Katika cha 2014 anazipitia itikadi moja moja, utaifa, ujamaa, ubepari, uliberali, na katika kila moja anatafuta ukweli uliomo. Kuhusu ujamaa anakubali kwamba tunategemeana na matunda ya jamii yafaa yawafikie wote. Anachokataa ni dhana kwamba kila aliyepata amemnyang'anya mwingine. Namheshimu sana kwa njia hiyo ya kubishana.

Wengi hudhani mhafidhina, yaani mtu anayetaka kuhifadhi mema tuliyorithi, ni mtetezi wa wenye madaraka. Lakini Scruton aliwasaidia wasomi wa Chekoslovakia ya kikomunisti waliofungiwa milango ya vyuo, waliokuwa wakifundishana kwa siri sebuleni mwa watu. Mwaka 1985 alikamatwa katika mji wa Brno akafukuzwa nchini. Mwaka 1998, ukomunisti ukiwa umekwisha, Rais Václav Havel wa Jamhuri ya Czech akamtunukia nishani. Alichokilinda ni vikundi ambavyo watu huviunda wenyewe bila kuamriwa na dola. Sisi tungetaja chama cha akina mama, kwaya, kamati ya mazishi.

Fundisho lake zito kwa Mkenya ni namna alivyoligawa neno "sisi". Kuna sisi ya ukoo, sisi ya imani, na sisi ya eneo. Taifa ni hiyo ya tatu: watu wasiojuana wala kuhusiana kwa damu, wanaotii sheria moja kwa kuwa wanakaa ardhi moja. Sasa muulize mtu aliyezaliwa na kukulia mtaa wa Buruburu, Nairobi, kwao ni wapi. Atakutajia Murang'a au Siaya, anakokwenda Desemba. Mtaa ambao hakuna anayeuita kwao hauna wa kuulinda. Mtaro ukiziba, kila mmoja anaingojea kaunti. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, aliitetea bustani ya jiji kama mtu anavyotetea ua wa nyumba yake. Scruton alikuja kuijenga hoja hiyo kwa kirefu mwaka 2012, katika kitabu chake kuhusu mazingira: watu hulinda wanachokiita chao.

Kutoka kwa Edmund Burke, mwanafikra na mwanasiasa wa karne ya 18, alirithi wazo kwamba jamii ni ushirika wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Mji, basi, ni amana.

Lakini kuna pengo, na sioni kama alilijaza. Kupenda mahali kunataka uhakika kwamba hutafukuzwa, na mpangaji wa Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, hana uhakika huo. Scruton aliandika akiwa katika nchi ambayo sheria zake za ardhi zilikomaa kwa karne nyingi. Zetu zilianza na unyang'anyi, tena wa watu wa nchi yake. Bila hatimiliki au mkataba wa kupanga unaoheshimiwa, oikofilia inabaki kuwa anasa ya wenye nyumba.

Moja ya kazi zake za mwisho ilikuwa tume ya serikali ya Uingereza kuhusu uzuri wa majengo. Ripoti ilitoka Januari 2020, siku chache baada ya kifo chake, ikiwa na madai matatu: dai uzuri, kataa ubaya, himiza utunzaji. Wakazi wa Kileleshwa, Nairobi, wanaoitwa kutoa maoni kuhusu ghorofa jipya wanaweza kwenda nayo mkononi.