Taulo, Feri na Mshahara: Kumwandaa Kijana wa Elimu Maalumu kwa Kazi Mombasa

Mzazi akifika kituoni kwetu na kijana wa miaka 17 au 18, swali huwa lile lile: "Mwalimu, huyu shule imemwisha, sasa nimpeleke wapi?" Ni swali zuri, ila limechelewa kama miaka mitatu.

Mtaala wa umilisi (CBC) haumlazimishi kila mtoto kupanda gredi na kufanya mitihani. Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, usonji mzito au ulemavu zaidi ya mmoja, ipo njia inayokwenda kwa hatua: ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi, kisha ufundi wenyewe. Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Taabu ni kuwa hatua zote nne zaweza kwisha ndani ya ua wa shule, mwanafunzi asimwone mwajiri hata mmoja. Msimamo wetu ni kwamba kazi hufundishwa kazini, mapema, na iwe kazi ambayo mji huu unailipa.

Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Ukizunguka vitengo vya elimu maalumu hapa Pwani utakuta shughuli zile zile: ushanga, ufumaji, sabuni ya maji, pengine cherehani moja au mbili. Hazikuchaguliwa kwa kuwa wanunuzi wapo. Zilichaguliwa kwa kuwa mwalimu anazijua na vifaa vinapatikana. Ukiuliza, utatajiwa Bombolulu. Ni kweli, karakana za Bombolulu, chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, zimekuwa zikitengeneza vito, bidhaa za ngozi, nguo na vitu vya mbao tangu 1969, na watu wenye ulemavu wa viungo wamelea familia kwa kazi hiyo. Lakini Bombolulu ina duka, ina watalii, ina wanunuzi wa ng'ambo. Shule yenye kopo la shanga kabatini haina hata kimoja katika hivyo, na kijana anahitimu akiwa na ujuzi wa kutengeneza bangili ambazo shangazi yake amekwisha kununua zote.

Sasa tazama mji wenyewe. Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zina vyumba vya dobi, jiko la nyuma, bustani. Mombasa ndiko kunakofanyika mnada wa chai ya Kenya na ya nchi jirani, kwa hiyo maghala ya kupanga na kufunga yapo. Soko la Kongowea lina kazi ya kuchambua na kupanga mboga na matunda kabla hata jua halijatoka. Kuna viwanda vidogo vya mikate, kuna sehemu za kuosha magari. Nyingi ya kazi hizi hurudiwa vile vile kila siku, na huko kurudiarudia ambako huwachosha wengine huwafaa baadhi ya vijana wetu. Ila tuseme ukweli wote: hoteli hupunguza watu msimu wa mvua za masika. Kijana wa dobi afundishwe na kazi ya pili.

Chukua kukunja taulo za kuogea. Msimamizi wa dobi ataonyesha mara moja tu: "Kunja hivi, weka pale." Kwake hilo ni jambo moja. Ukikaa kando na daftari ukaandika kila tendo, unapata kama kumi. Shika pindo ulisikie kama limekauka, maana pindo hukauka mwisho. Igeuze pande zote mbili kutafuta doa. Itandaze mezani, lebo ikiwa chini upande wako. Kunja theluthi ya kwanza, kunja ya pili juu yake, pigisha mkono kuondoa hewa, kunja katikati, kisha katikati tena. Iweke kwenye rafu, mkunjo ukitazama nje. Zikifika kumi, anza rundo jipya.

Baada ya siku chache za kuangalia, unajua inapokwama. Kukunja kwenyewe hakumshindi kijana. Kinachomshinda ni kuamua: hili ni doa au ni rangi iliyopauka? Basi unaweka mbele yake taulo tatu za mfano, moja safi, moja yenye doa, moja iliyopauka, analinganisha. Kuhesabu kumi nako kunampiga chenga, kwa hiyo unabandika utepe mwekundu ukutani kwenye kimo cha taulo kumi. Rundo likigusa utepe, basi. Hakuna aliyesema lazima ajue hesabu. Hoteli inataka mafungu ya kumi.

Mbinu hii ina historia. Mtaalamu wa Marekani, Marc Gold, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwafundisha watu waliohesabiwa kuwa hawafundishiki kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Hakuwahutubia. Aliigawa kazi, akatumia maneno machache, na pale mwanafunzi aliposhindwa alimdai mwalimu atafute njia nyingine, si mwanafunzi. Ningependa kila mkufunzi wa ufundi akae na wazo hilo kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba fulani "haelewi".

Sharti la pili ni mkufunzi kujiondoa. Wiki ya kwanza anasimama ubavuni, baadaye mlangoni, baadaye anapita mara moja kwa siku. Akiganda pale pale, kijana hujifunza kumtazama mwalimu badala ya kuitazama taulo.

Vijana hawa hawafanani, na ni kosa kuwapangia dawa moja. Kijana kiziwi hahitaji kazi ikatwe vipande. Akili yake haina hitilafu. Yeye hupitwa na kikao cha asubuhi, ambapo msimamizi hutangaza mabadiliko ya zamu kwa mdomo na kuondoka. Zamu iandikwe ubaoni, wenzake wafundishwe ishara chache za kazi, na king'ora cha moto kiwe na taa inayomulika. Mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji tu meza ishushwe na kifaa kiwe na mpini mnene. Mwenye usonji anaweza kuimudu kazi yote, kisha mlio wa mashine ya kukaushia ukamfukuza saa nne asubuhi. Vizibo vya masikio si ghali.

Kisha kuna safari. Kwa kijana wa Likoni aliyepata nafasi Nyali, kufika ndio mtihani wa kwanza: kutembea hadi feri, kungoja geti lifunguliwe, kushuka na umati bila kusukumwa, kutafuta matatu sahihi huku makanga watatu wakimvuta shati. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, matatu si bure, na nauli hupanda mvua ikinyesha. Tunaianza safari hii kabla ya kazi yenyewe. Mara za kwanza mkufunzi anakaa kiti kimoja naye, halafu kiti cha nyuma, halafu anamngoja stejini. Kijana anabeba kadi yenye jina la steji na namba ya simu ya nyumbani. Tunamfundisha pia la kufanya feri ikikwama, kwa sababu itakwama.

Pesa nazo. Namba ya siri ya M-Pesa ni yake peke yake, na wazazi ndio wagumu zaidi kulikubali hili. Kina mama wengi hutuambia, "Mimi ndiye namtunzia." Sawa, mtunzie akiba mkikubaliana, lakini mshahara uingie kwenye simu yake na ajue ni kiasi gani. Na ajue, kwa maneno wazi yasiyo na haya, nani haruhusiwi kumgusa na amwambie nani akiguswa.

Kwa waajiri, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Tunaitaja, lakini haifungui mlango peke yake. Meneja hulegea akiona kazi mahususi inayomsumbua ikifanyika, ndiyo maana tunaomba majaribio ya siku chache kabla ya kuzungumza juu ya sheria.

Nyaraka zishughulikiwe mapema: kitambulisho akifika miaka 18, tathmini ya hospitali, usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Usajili huo ndio msingi wa kuomba msamaha wa kodi ya mapato, ingawa vijana wengi tunaowaweka kazini mshahara wao haujafika hata kiwango cha kukatwa kodi hiyo. Kwa anayefaa cheti, mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, huanzia daraja la tatu, ambalo ndilo la chini kabisa.

Kuhusu wanaopoteza kazi, tunayoyaona ni kuwa wengi hawashindwi na kazi. Msimamizi aliyewajua huhamishwa au kuacha, anakuja mpya asiyejua ule utepe mwekundu ni wa nini, anaubandua. Kwa sababu hiyo, siku ya makubaliano tunaomba hoteli itupe majina mawili, na la pili liwe la mtu wa zamu nyingine.