Sangara Hakuhama: Dhana Potofu Kuhusu Kupungua kwa Samaki Ziwa Victoria

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, na safari hii aliyeniambia hakuwa kijana anayejifunza kutega nyavu. Alikuwa tajiri wa boti, yaani mwenye boti zake mwenyewe, katika mwalo mmoja wa Ukerewe, mahali boti zinapotia nanga na kushusha samaki, mtu mzima aliyeanza kuvua wakati sangara ndiyo kwanza wanaanza kujaa nyavuni. "Mtaalamu," akasema kwa upole, akinyoosha mkono kuelekea kaskazini, "samaki hawajaisha. Wamehama tu. Watarudi." Maneno hayohayo nimeyasikia Sengerema, nimeyasikia Musoma na Muleba, kwa wavuvi, kwa mawakala wa viwanda vya kuchakata samaki na hata katika vikao vya watu ambao kazi yao ni kusimamia rasilimali hii. Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, na sasa nayajibu kwa maandishi, kwa sababu naamini kwamba hakuna dhana iliyoigharimu sekta ya uvuvi ya Tanzania kuliko hii.

Dhana yenyewe ina sura mbili. Ya kwanza inasema samaki wamevuka mpaka na kuingia Uganda. Ya pili inasema wameshuka kilindini, mahali ambapo nyavu hazifiki, na kwamba wanasubiri hali itulie.

Nianze na mpaka. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Tanzania ina asilimia 51 ya eneo hilo, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Anayesema samaki wote wameingia Uganda anasema, kwa maneno mengine, kwamba samaki wameiacha sehemu kubwa zaidi ya ziwa wakaenda kubanana katika sehemu iliyo ndogo kuliko hiyo. Wavuvi wa Uganda nao hulalamika kwamba nyavu zao zinatoka na samaki wachache, na mvuvi wa Kenya, mwenye kipande kidogo kuliko wote, ana uhakika kwamba samaki wake wako kwa majirani wote wawili. Ugomvi wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo umetokana kwa sehemu kubwa na imani hiyo. Kila mmoja anamwonyesha jirani kidole. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vyombo vya utafiti vimekuwa vikizunguka ziwa lote, katika nchi zote tatu, vikipima samaki kwa mawimbi ya sauti, na mawimbi hayo hayajui mpaka. Yanachoonyesha ni ziwa ambalo sehemu kubwa ya uzito wa samaki wake sasa ni dagaa na samaki wengine wadogo, wala hakuna kona hata moja yenye ghala la sangara waliojificha.

Sura ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaonekana kuwa na mantiki. Samaki akisumbuliwa juu si atashuka chini? Ziwa Victoria ni pana sana lakini si refu kwenda chini: wastani wa kina chake ni mita 40 hivi, na mahali penye kina kikubwa kabisa ni mita 80 na kidogo. Katika miezi ya joto na mvua, maji ya juu hupata joto na kukaa kama blanketi juu ya maji baridi ya chini, na matabaka hayo mawili hayachanganyiki. Mbolea na udongo unaoletwa na mito, pamoja na maji machafu ya miji, hulisha mwani. Mwani hufa, huzama, huoza, na kuoza huko hula oksijeni yote iliyopo chini. Matokeo yake ni kwamba kwa miezi mingi ya mwaka maji ya kilindini hayana hewa ya kutosha kumweka hai samaki yeyote mkubwa, na sangara ni miongoni mwa samaki wanaohitaji oksijeni nyingi kuliko wengi wa majirani zake. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa, kambare naye huvumilia matope, ila sangara hawezi. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini ukipoza na kuchafua ziwa, matabaka huchanganyika na chini huingia hewa kwa muda. Wavuvi wenyewe wameona kinachotokea maji ya chini yanapopanda ghafla: asubuhi samaki wanaelea matumbo juu kando ya ziwa. Hayo ndiyo maji ambayo watu wananiambia kwamba sangara amekimbilia kujificha.

Najua kwa nini dhana hii haifi. Samaki huhama kweli, kwa msimu, wakifuata chakula, joto na hewa, na mvuvi mwenye uzoefu anazijua njia zao kuliko mimi. Isitoshe, boti bado zinarudi na samaki. Hapo ndipo macho yanapodanganyika, kwa sababu mvuvi anaangalia alichobeba wala hahesabu alichotumia kukipata. Mwaka 2000 ziwa lote lilikuwa na boti za uvuvi zipatazo 42,000 na wavuvi karibu 130,000. Kufikia mwaka 2016 boti zilikuwa zimepita 70,000 na wavuvi walikuwa zaidi ya 200,000. Boti zenye injini ziliongezeka zaidi ya mara nne katika kipindi hichohicho. Boti iliyokuwa ikitega karibu na kambi na kurudi kabla ya jua kali sasa inakwenda mbali, inalala ziwani, inabeba barafu na nyavu nyingi zaidi. Tuchukulie tajiri aliyekuwa na nyavu 40 na kupata kilo 80 kwa usiku, na leo ana nyavu 120 na anapata kilo zilezile 80. Atakuapia kwamba ziwa liko vilevile, wakati kila wavu wake unaleta theluthi moja tu ya ulicholeta zamani.

Kwa hiyo ushauri ambao nimeuimba mpaka wenzangu ofisini wamechoka kunisikia ni huu: nunua daftari. Kila safari andika idadi ya nyavu ulizotega, saa zilizokaa majini, lita za petroli na kilo ulizopata, kisha gawanya kilo kwa nyavu. Usiniamini mimi, iamini hesabu ya mkono wako baada ya mwaka mmoja. Matajiri wachache waliokubali kufanya hivyo hawajaniambia tena kwamba samaki wamehama.

Kama hawakuhama, wamekwenda wapi? Siku ileile pale Ukerewe nilimwomba yule mzee samaki mmoja kutoka kwenye rundo lililokuwa linasubiri mnunuzi wa kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Nilimlaza kwenye ubao, nikampima kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia: sentimita 43. Nikampasua tumbo, nikasogeza bondo (mfuko wa hewa wa samaki) na utumbo, nikamwonyesha kilichokaa chini ya uti wa mgongo. Zilikuwa nyuzi mbili nyembamba za rangi ya waridi, zinazopitisha mwanga, nene kidogo kuliko kamba ya kiatu. Alikuwa jike, na hizo ndizo zilikuwa mifuko yake ya mayai, mitupu. Jike la sangara lililopevuka hujaza tumbo zima mayai ya manjano, na jike kubwa hutaga mamilioni ya mayai. Mzee alizishika nyuzi zile kwa vidole viwili, akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kama samaki wote wa rundo lile wako hivyo. Tulipasua wengine wanne. Hatukupata hata mmoja aliyewahi kutaga.

Sangara dume hupevuka akiwa mdogo kuliko jike, na majike mengi yenye sentimita 50 bado hayajazaa hata mara moja. Ndiyo maana kanuni iliyokubaliwa kati ya nchi zetu kwa miaka mingi iliwataka wenye viwanda wasipokee sangara aliye chini ya sentimita 50 wala aliyezidi 85: wa chini aachwe akue, na wa juu, ambaye ndiye mzazi hasa, aachwe azae. Kuna pia suala la uzito ambalo nashangaa kwamba wafanyabiashara hawalizungumzi. Urefu wa samaki ukiongezeka mara mbili, uzito wake huongezeka karibu mara nane. Sangara wa sentimita 40 hafiki kilo moja, ilhali wa sentimita 80 huwa na kilo sita au zaidi. Anayemvua yule mdogo anauza samaki wa kayabo asiyefika kilo moja na kupoteza kilo tano za samaki wa minofu, pamoja na kizazi kizima ambacho kingefuata.

Hapo hufuata jibu ambalo nalo nimelizoea: "Nikimwacha mimi, mwenzangu atamchukua." Hili silidharau, kwa sababu mvuvi mmoja mwenye nyavu halali akizungukwa na makokoro, nyavu za kukokota za matundu madogo, anaonewa kweli. Lakini wavu hauchagui samaki mmoja mmoja baada ya kumkamata. Wavu huchagua kwa ukubwa wa matundu yake, na wavu wa inchi sita na kuendelea humpitisha samaki mdogo akiwa hai. Kokoro, ambalo lilipigwa marufuku nchini tangu miaka ya 1990, linakomba maji ya pembeni ambako ndiko sangara wadogo hukulia. Mwalo ambao wanachama wa kikundi chake cha usimamizi wanajuana kwa majina, wanajua pia nani ana kokoro na analificha nyumba gani. Ninapendekeza jambo moja dogo ambalo halihitaji bajeti: kila boti ichorwe, kwenye ubao wa ndani, mistari miwili ya rangi iliyoachana sentimita 50, na kila mnunuzi wa mwaloni aweke mistari hiyo kwenye meza yake. Mtu akibishana na mtaalamu atashinda, lakini hawezi kubishana na mistari iliyo mbele ya macho ya kila mtu.

Dhana nyingine nazijibu kwa ufupi.

Wapo wanaosema kwamba gugumaji ndilo lililomaliza samaki. Gugumaji lilitutesa sana miaka ya 1990. Lilifunga mialo, bandari na mabomba ya maji, na bado hurudi kila mara maeneo yanapopata uchafu wa kulilisha. Lakini lilipungua kwa kiasi kikubwa mwishoni mwa muongo huo, kwa msaada wa mbawakawa wanaolila na hali ya hewa ya wakati ule, na sangara waliendelea kupungua ukubwa katika maji yasiyokuwa na jani hata moja. Linapofunika maji ya pembeni huwa maficho ya kambare na kamongo, na huwazuia watu wa makokoro kufika. Ni adui wa usafiri na afya; mashtaka ya kumaliza sangara si yake.

Wapo wanaosema Ulaya iliua viwanda vyetu kwa masharti. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungwa zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya kipindupindu na vimelea, kisha kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, na maelfu ya familia za kanda ya ziwa ziliumia. Lakini viwanda vilijirekebisha, vikaboresha usafi na maabara, na mauzo yakaendelea kupanda hadi katikati ya miaka ya 2000. Viwanda vilivyofunga milango baada ya hapo, na vile vinavyofanya kazi chini ya uwezo wake, vilikosa samaki wa kuchakata. Mashine ipo, soko lipo, wafanyakazi wapo getini asubuhi, na lori la samaki haliji.

Wapo pia wanaosema kwamba sangara ni mgeni, aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo acha aishe ili furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, warudi. Ni kweli kwamba ni mgeni, na ni kweli kwamba baadhi ya furu wameonekana kuongezeka tena sangara walipopungua. Lakini furu walikuwa aina zipatazo 500, na inahofiwa kwamba zaidi ya 200 zimetoweka kabisa. Aina iliyotoweka hairudi kwa sababu adui yake amepungua, na mvuvi aliyejenga nyumba kwa sangara hatalipa ada ya shule kwa furu.

Kuhusu dagaa, naambiwa kwamba tani zimeongezeka, kwa hiyo sekta haijaporomoka. Tani zimeongezeka kweli, na dagaa ni chakula bora ambacho ningependa kuona kikikaushwa kwenye vichanja badala ya mchangani, ambako mvua moja huharibu mzigo wa usiku mzima wa kuvua kwa karabai, taa ya kuvutia dagaa. Lakini thamani ya tani ya dagaa wa mchangani hailingani hata kidogo na ya tani ya minofu ya sangara, na sangara mwenyewe hula dagaa. Vizimba vya kufugia samaki ziwani navyo nimevitembelea. Vinafuga sato, vinafanya kazi nzuri vikiwekwa mahali penye mkondo wa maji, na vinahitaji chakula cha kununua kila siku. Hakuna kizimba kinachofuga sangara kwa ajili ya viwanda vile, na anayesema kwamba vizimba vitaziba pengo hili hajawahi kulipia mfuko wa chakula cha samaki.

Mzee wa Ukerewe alinisindikiza hadi kwenye mtumbwi. Aliniuliza rangi ya kuchora mistari ile iwe ya mafuta au ya maji. Nilimwambia ya mafuta, kwa sababu ya maji haitamaliza msimu.