Kabla ya Kuongeza Tofali: Kwa Nini Mbwa Anatoroka Uani na Namna ya Kumzuia

Wafugaji wengi wa mbwa mijini hutufikia sisi madaktari wa mifugo wakiwa na swali moja: ukuta uongezwe hadi futi ngapi ili mbwa asitoroke? Swali hilo ni la haki na jibu lake lipo, lakini mara nyingi linaulizwa mapema mno. Tumeshuhudia ukuta ukiongezwa kozi tatu za tofali na mbwa akaendelea kutoka kila jioni, kwa kuwa hakuwa akiruka ukuta tangu mwanzo. Alikuwa akichomoka getini wakati gari la mwenye nyumba linapoingia, na kwa sababu ya giza hakuna aliyemwona. Fedha ya tofali na saruji ilikwisha, na mbwa hakuzuiliwa hata siku moja.

Tunaomba kila mfugaji ajiulize mambo mawili kabla ya kumwita fundi: mbwa anapita wapi, na ni jambo gani linalomvuta kwenda nje au linalomsukuma kutoka ndani. Jambo la kwanza linaweza kujulikana kwa siku moja au mbili za uangalizi. Ukuta anaopanda huwa na michubuko ya kucha kwenye lipu, na waya anaojipenyeza hubaki na manyoya. Mbwa anayechimba hurudi na udongo puani na katikati ya vidole. Pale ambapo alama hizi hazionekani, nyunyiza majivu au mchanga laini chini ya geti na kandokando ya uzio wakati wa jioni, kisha usome nyayo asubuhi. Andika pia saa anayotoweka, kwa maana mbwa anayeondoka usiku wa radi na yule anayeondoka kila saa kumi na mbili jioni hawana tatizo moja.

Uzito tunaoupa jambo hili hautokani tu na huruma kwa mnyama anayeweza kugongwa na gari au kula sumu ya panya. Unatokana kwanza na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15, yaani wale wale wanaocheza mitaani na wanaomkimbilia mbwa wanayemfahamu kwa jina. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa wako anaweza kuwa mpole na mwenye afya njema leo, lakini saa mbili anazozurura nje zinatosha kumkutanisha na mbwa ambaye hakuna anayejua historia yake, na jeraha dogo la ugomvi huo likafichwa na manyoya.

Zipo pia sababu za ujirani. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, majirani wengi ni Waislamu ambao mate ya mbwa ni najisi kwao, na mbwa anayemlamba mtu aliyekwisha kutawadha akielekea msikitini humlazimu kujitakasa na najisi hiyo kabla ya kuswali. Mwenye mbwa asilichukulie jambo hilo kuwa usumbufu mdogo. Kumzuia mbwa wako ni sehemu ya kuishi vizuri na watu.

Tukirudi kwenye swali la kwa nini mbwa hutoka, sababu yenye nguvu kuliko zote kwa mbwa dume ni jike. Mbwa jike huingia kwenye joto, yaani hali ya kuwa tayari kupandwa, mara mbili hivi kwa mwaka, na kila mara hali hiyo huchukua takriban wiki tatu. Katika muda huo harufu yake huwafikia madume walio mbali, na dume ambaye hajawahi kujaribu kutoka ataruka ukuta, atatafuna mbao za geti, au atachimba hadi kucha zitoke damu. Ukuta wa kawaida haushindani na msukumo wa namna hiyo. Kinachopunguza msukumo wenyewe ni kumhasi. Upasuaji huu ni wa kawaida kwa daktari wa mifugo, hufanywa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na mbwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Matokeo hayaonekani usiku mmoja: homoni huchukua muda kupungua mwilini, dume anaweza kutungisha mimba kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, na mbwa aliyezurura kwa miaka mingi anaweza kubaki na mazoea yake ingawa hamu imepungua. Ndiyo maana tunashauri ifanywe mapema, kabla kutoroka hakujawa tabia.

Hapa tunakutana na pingamizi ambalo tunalisikia karibu kila wiki, kwamba mbwa akihasiwa atakuwa mvivu na hatalinda nyumba. Tunalichukulia kwa uzito kwa sababu katika mazingira yetu wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Hata hivyo, kulinda hakutoki kwenye korodani. Mbwa hubweka na kumkabili mgeni kwa sababu anaitambua nyumba kuwa mahali pake na watu wa nyumba kuwa watu wake, na mbwa jike, ambaye hana korodani, hulinda nyumba vizuri kabisa. Zaidi ya hayo, dume aliyekwenda mtaa wa tatu kumfuata jike halindi nyumba yoyote usiku huo. Kuhasi pia humpunguzia hatari ya kupata uvimbe wa saratani wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ugonjwa tunaoutibu mara kwa mara kwa mbwa wanaozurura, kwa sindano zinazorudiwa kwa wiki kadhaa na kwa gharama inayozidi ile ya kuhasi.

Kwa mwenye jike ambaye hajafungwa kizazi, angalizo moja ni la lazima: wakati wa joto asiachwe uani hata kama uzio ni imara, kwa kuwa tatizo sasa ni madume yanayoingia. Asiwekwe pia katika banda lililozungushiwa waya tu, kwani madume huweza kumpanda kupitia waya. Chumba au stoo yenye mlango unaofungwa inafaa zaidi, na atolewe akiwa ameshikwa kwa kamba. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na watoto wasiotarajiwa ndio wengi wanaoishia jalalani na kuwa mbwa koko wa kesho.

Sababu ya pili ni upweke na kukosa kazi. Desturi iliyoenea katika nyumba zetu ni kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumwachilia usiku. Mbwa wa namna hii hukusanya nguvu kwa saa kumi na mbili, na mlango wa banda unapofunguliwa huelekea moja kwa moja getini. Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Mtembeze kwa kamba nusu saa asubuhi kabla jua halijawa kali, na nusu saa jioni, aone njia na kunusa miti; mpe mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe wa kutafuna akiwa chini ya uangalizi; mgawie sehemu ya chakula chake kwa kukitawanya uani akitafute kwa pua. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha kali. Tumeona mbwa waliodhaniwa kuwa sugu wakiacha kuruka ukuta baada ya majuma machache ya matembezi, bila tofali hata moja kuongezwa. Njaa nayo tuitaje bila kuficha: mbwa anayepewa makombo ya ugali mara moja kwa siku atalifuata jalala na bucha.

Sababu ya tatu ni hofu. Radi za masika, fataki za mkesha wa mwaka mpya na spika za sherehe ya jirani humfanya mbwa mwoga akimbie bila kuangalia anakokwenda, na mbwa wa namna hii hupotea mbali kuliko wengine wote kwa sababu hakuondoka akifuata kitu bali akikikimbia. Kwa usiku unaojulikana mapema, mwingize ndani kabla ya magharibi, katika chumba chenye pazia, na mtu awe karibu naye.

Sasa tuzungumzie geti, ambalo kwa uzoefu wetu linapitisha mbwa wengi kuliko ukuta. Nyumba moja inaweza kuwa na watu kumi wanaolifungua kwa siku: watoto wa shule, dada wa kazi, mlinzi, muuza maji, bodaboda aliyeleta gesi. Inatosha mmoja asilirudishe. Suluhisho lililo imara zaidi ni kuwa na kizuizi cha pili, yaani eneo dogo lililozungushiwa waya au nondo nyuma ya geti, ili mtu afunge mlango mmoja kabla ya kufungua mwingine. Pasipo nafasi ya kufanya hivyo, mbwa aingizwe kibandani kabla ya gari kuingia, na kazi hiyo awe nayo mtu mmoja anayejulikana, si kila mtu kwa ujumla. Weka springi au uzito unaolirudisha geti la watembea kwa miguu lenyewe. Pima pia nafasi iliyo chini: mahali kichwa cha mbwa mdogo kinapopita, mwili nao kwa kawaida hupita, na nafasi hiyo huongezeka kila msimu wa mvua maji yanapokokota udongo. Kizingiti cha zege huimaliza.

Mbwa afundishwe pia kwamba geti lililo wazi si ruhusa. Mfunge kamba ndefu, mwambie akae, fungua geti kidogo, na akibaki ameketi mpe kipande cha nyama. Akinyanyuka, lifunge bila kumgombeza. Dakika tano kila siku, kwa majuma kadhaa, huleta mabadiliko makubwa. Watu wote wa nyumbani watumie neno moja, kwani mbwa anayeambiwa "kaa" na mama, "tulia" na mtoto na "acha" na mlinzi hana cha kujifunza.

Kuhusu ukuta wenyewe, mbwa wa ukubwa wa kati au mkubwa huhitaji kizuizi cha takriban mita 1.8, yaani futi sita, na wapo wachache wanaouweza hata huo. Kabla ya kuuongeza, zunguka kwa ndani uangalie kilichoegemezwa: tangi la maji, rundo la matofali, kuni, paa la banda la kuku, shina la mwembe lililoinama. Hizo ni ngazi. Kama mbwa hupanda kwa kucha, lipu laini humnyima mshiko, na kipande cha waya kilichoinamishwa kuelekea ndani juu ya ukuta humzuia bila kumuumiza. Tunasihi vigae vya chupa visitumike kama njia ya kumzuia mbwa. Mbwa aliyehamaki huviruka vivyo hivyo, na majeraha ya tumbo na nyayo tunayoyashona baada ya hapo ni mabaya sana. Ua wa michongoma ni mzuri ukiwa mzito, lakini chini hubaki matundu, hivyo uambatane na waya. Kwa anayechimba, fukia waya kina cha sentimita 30 au ulaze juu ya ardhi kuelekea ndani na kupanga mawe juu yake.

Mnyororo si jibu. Mbwa anayefungwa siku nzima huwa mkali, shingo yake hupata vidonda, na akijaribu kuruka ukuta akiwa amefungwa anaweza kujinyonga upande wa pili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inamwajibisha mwenye mnyama kumtunza bila kumtesa.

Hata uzio ukiwa mzuri, jiandae kwa siku utakaposhindwa. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na avae ukanda wa shingoni ulioandikwa namba ya simu, kwa kuwa mtu anayemwokota mbwa mtaani hana kifaa cha kusoma chipu, yaani kitambulisho kidogo cha kielektroniki kinachowekwa chini ya ngozi. Akitoweka, anza kumtafuta saa hiyo hiyo karibu na nyumbani, acha geti wazi kidogo na tandiko lake hapo, na uwaulize wanaoona kila kitu: wauza bucha, bodaboda, wazoa taka na watoto. Itaarifu ofisi ya serikali ya mtaa na ofisa mifugo wa kata.

Atakaporudi usimchape, hata kama amekuhangaisha usiku kucha. Mbwa huunganisha kipigo na jambo alilolifanya muda huo huo, nalo ni kurudi nyumbani. Kesho atachelewa zaidi. Mpokee kwa utulivu, mfungie, kisha umkague mwili mzima kwa kupapasa chini ya manyoya, ukivaa glavu ukiona damu au mate. Ukikuta alama ya kung'atwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo ukiwa na kadi yake ya chanjo. Kama alimng'ata mtu au alimkwaruza, jeraha la mtu huyo lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, aende kituo cha afya bila kungoja dalili, na mbwa atengwe na kuangaliwa kwa siku 10, asiuawe na asiachiwe. Na kabla hujamfungulia tena, chukua majivu, zunguka uzio, na ulitafute tundu.