Uimarishaji chanya: mbwa ndiye anayeamua tuzo ni nini

Uimarishaji chanya ni kumpa mbwa kitu anachokipenda mara tu anapofanya tendo fulani, na tendo hilo likazidi kufanyika baadaye. Hiyo nusu ya pili ndiyo husahaulika. Ukimpa kipande cha nyama kila anapokaa, na baada ya wiki hakai zaidi ya mwanzo, hujaimarisha kitu, umemlisha tu.

Neno "chanya" nalo huwapotosha wengi. Halimaanishi upole. Ni chanya ya hesabu: kuna kitu kimeongezwa, kama vile hasi ni kuondoa. Kumkaba mbwa kwa mnyororo na kuulegeza anapokaa ni uimarishaji pia, ila hasi, kwa kuwa kinachomlipa ni maumivu kuondoka. Kipigo huitwa adhabu chanya, jina la ajabu kidogo: kimeongezwa ili tendo lipungue.

Msingi wa yote haya ni majaribio ya mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, ya mwaka 1898. Paka aliyefungiwa sandukuni alizidi kufungua haraka kila alipokuta chakula nje.

Tuzo basi huamuliwa na mbwa. Wengi hawapendi kupapaswa kichwani. Hukwepa na kulamba midomo, huku mwenye mbwa akidhani anamsifu. Na yule anayekurukia ili umjali, ukimsukuma na kumfokea umeshamlipa.

Chukua mfano wa kukaa. Andaa vipande laini 10 hadi 15, kila kimoja kama punje ya njegere, vya kumezwa upesi. Weka kimoja karibu na pua yake, kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikiinuka, makalio hushuka. Ukipandisha juu mno ataruka. Makalio yakigusa chini, sema "ndiyo" papo hapo, kumjulisha kwamba amepatia, kisha mpe. Ukichelewa sekunde mbili tatu, huenda ameshasimama, na hapo umelipa kusimama. Tena neno hilo "ndiyo" litangulie mkono. Mkono ukianza kwenda mfukoni kwanza, atajifunza kuutazama mkono na neno halitamwambia lolote. Dakika tatu hadi tano zatosha.

Baada ya mara nne au tano, fanya ishara ileile kwa mkono mtupu na utoe tuzo mfukoni. Wanaolalamika kwamba mbwa hatii bila kuona chakula kwa kawaida waliruka hatua hii. Chakula kinachoonyeshwa kabla ya tendo, siku baada ya siku, kimekuwa hongo.

Neno la amri huja mwisho, akiwa anakaa kwa ishara walau mara nne kati ya tano. Sema "kaa" mara moja, subiri kidogo, ndipo utoe ishara. "Kaa, kaa, kaa" humfundisha kungoja la tatu. Akifaulu sebuleni na kushindwa barabarani, si ukaidi: kule kuna harufu na mbwa wengine, kwa hiyo rahisisha zoezi na upandishe malipo, nyama badala ya chakula chake cha kila siku.

Tendo likishazoeleka, lipa mara moja moja tu. Wito wa "njoo" uendelee kulipwa kila mara, kwani hushindana na kila kinachokimbia mbele yake, na usimwite kamwe ili umwogeshe au umfungie; hayo mfuate mwenyewe alipo.