Mpenzi si lazima awe mchumba

Juzi alasiri, barazani Ngamiani hapa Tanga, mpwa wangu alikuwa akiwasimulia wenzake riwaya ya wanachuo aliyoimaliza. Msichana wa mwaka wa pili anamwandikia shoga yake waliyelala chumba kimoja hosteli: "Mpenzi wangu, tangu uhame silali vizuri." Mpwa wangu akasema, "Hapa mwandishi kateleza, mjomba. Rafiki haitwi mpenzi." Wenzake wote wakaafiki. Si mara ya kwanza kulisikia hilo, na safari hii nimeshindwa kulipita.

Mpenzi ni mtu apendaye au apendwaye. Ni mapenzi ya aina gani, neno lenyewe halisemi.

Tuliangalie lilivyoundwa. Kitenzi kikiishia kwa -nda kisha kikatiwa -i ya mtendaji, mara nyingi ile d hugeuka z. Linda hutupa mlinzi, panda hutupa mpanzi, tenda hutupa mtenzi. Shaaban Robert, mwana wa Vibambani hapa hapa Tanga, aliita kitabu chake Siku ya Watenzi Wote, na watenzi ni wale watendao. Penda nayo hutupa mpenzi kwa njia ile ile. Mlinzi hulinda, halindwi. Kwa mizani hiyo mpenzi ni yule anayependa, ndiyo maana tuna wapenzi wa taarabu na wapenzi wa timu ya Coastal Union. Anayependwa ana neno lake, mpendwa. Matumizi yamempa mpenzi pande zote mbili, na hapo hapana kosa: mtangazaji husema "wapenzi wasikilizaji", na wazee wetu walianza barua kwa "Mpenzi mama" bila mtu kushtuka. Mapenzi nayo ni mapana hivyo hivyo. Katika sala ya Wakristo, "mapenzi yako yatimizwe" ni utashi wa Mungu.

Linaloniuma zaidi ni kumchanganya mpenzi na mchumba. Uchumba ni jambo la watu wawili na wazee wao. Kuna mshenga, kuna barua ya posa, kuna jibu linalosubiriwa. Kijana uliyekutana naye wiki ya kwanza ya masomo, ambaye hata mama yako hajamsikia, si mchumba, hata kama mnakula sahani moja kila siku. Mwite mpenzi, neno linamtosha, wala halimdanganyi mtu.

Na riwaya za namna hii hupoteza nusu yake ukilibana neno. Katika ile aliyosimulia mpwa wangu, msichana anaanza chuo akihesabu nani anampenda na nani hampendi. Yaani anataka kuwa mpendwa tu. Ukubwa unamjia baadaye, shoga yake anapofiwa na baba: anaacha mitihani ya majaribio, anapanda basi kutoka Dar es Salaam, anapita Chalinze, anapita Segera, anakuja kukaa msibani siku tatu, anaosha vyombo na watu asiowajua. Yule kijana wake hata hatajwi katika sura hiyo. Mimi naona ndiyo sura ya mapenzi kuliko zote.

Kwa hiyo, mwanangu, mwandishi hakuteleza. Rudi kwenye ile barua, uisome tena ukijua aliyeiandika ndiye atakayepanda lile basi.